Elimu ya Bibi Ndoo

Jumatatu ya pili ya muhula, saa mbili na robo asubuhi, watoto thelathini na wawili wa chekechea walikaa kwenye mkeka, kila mmoja na kiatu kimoja mapajani, wakajifunza kufunga kamba. Mwalimu wao, dada mwembamba aliyehamia shuleni hapo wiki iliyotangulia, aliwapa hatua nne: vusha, pitisha chini, piga kitanzi, vuta. Kufika saa nne watoto thelathini na mmoja walikuwa wamejua. Wa thelathini na mbili alikuwa amelala.

Saa sita wazazi walikuja kuwachukua. Daktari wa meno alishuka kwenye gari, akakanyaga kamba yake mwenyewe, akaanguka kifudifudi mbele ya geti. Akainuka, akakung'uta suruali, akainama kuzifunga. Akazitazama. Akazitazama tena. Kisha akamwita mwanawe, ambaye alizifunga kwa hatua nne huku akizitaja kwa sauti, na wakaenda zao. Nyuma yao wazazi wengine walikuwa wakiburuta kamba kama kuku waliochomoka kwenye kigingi. Mama wa yule mtoto aliyelala alikuja na zake zimefungwa vizuri, tena fundo mara mbili.

Jumanne wazazi walikuja na kandambili. Hakuna aliyeuliza mtu. Mtu mzima hahojiwi habari za miguu yake.

Jumatano watoto walijifunza maumbo. Mchana wake mpima ardhi, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alikwenda kupima kiwanja cha mteja na kikatoka mviringo kama ungo. Mteja alipolalamika, aliambiwa kona ni za kukusanya uchafu tu. Alhamisi ilikuwa zamu ya kushoto na kulia. Dereva wa basi la shule, aliyekuwa amewashusha watoto tisa na kuwapitisha getini kwa mkono wake, aliingia kwenye mzunguko wa barabara saa saba mchana na kuzunguka hapo mpaka mafuta yakaisha. Ijumaa wazazi wakaitisha kikao.

"Nimechunguza," mwalimu aliwaambia. "Kinachoingia kwa mtoto kinatoka kwa yule aliyemshika mkono akampitisha getini asubuhi. Kikishatoka hakirudi."

"Mbona mwaka jana hatukuyaona haya?" daktari wa meno aliuliza.

"Mwaka jana mlikuwa na mwalimu gani?"

Wakakumbuka. Alikuwa mama mmoja mchangamfu aliyewaimbisha watoto mpaka saa nne na kuwalaza mpaka saa sita. Wazazi walimpenda sana, na akili zao zote zilikuwa salama. Mmoja akapendekeza arudishwe. Mwingine akasema yeye tangu Alhamisi anamwambia mwanawe asinzie darasani, na mtoto anajitahidi.

Mwenyekiti akasimama. Alisema hayo ni maneno ya kurudisha nyuma maendeleo. Watoto wao lazima waingie darasa la kwanza wakiwa wanasoma, wasije wakachekwa. Lakini wazazi nao ni watu wa kazi, wana ofisi, wana wateja. Hawawezi kukabidhi vichwa vyao vipande vipande kwa watoto wa miaka mitano. Akiwa bado anaongea, mhudumu wa shule alikuwa akipiga deki chini ya viti, akafika kwake.

"Samahani, bosi. Inua mguu kidogo."

Mwenyekiti akainua mguu. Akamtazama mhudumu. Wazazi wote wakamtazama mhudumu.

"Na huyu je?" mwenyekiti aliuliza. "Huyu ana nini cha kupoteza?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama kuna kiti cha ziada. Mwalimu Mkuu akaona uzuri wa jambo lile papo hapo: badala ya kuwapunguza wazazi thelathini na wawili, atapunguzwa mtu mmoja tu. Kura zikapigwa kwa mikono. Deki nayo ikaendelea.

Mhudumu huyo watoto walimwita Bibi Ndoo, kwa kuwa hawakuwahi kumwona bila ndoo. Alikuwa amefagia shule ile kwa miaka kumi na minane. Kusoma alijifunza akiwa na miaka hamsini kasoro mmoja, kwenye kisomo cha watu wazima, jioni, katika chumba kilekile cha chekechea, amekaa kwenye kiti kidogo, magoti yakimgusa kidevu. Hakujifunza ili aonekane. Binti yake wa pekee alikuwa kiziwi, akapata kazi ya kushona katika kiwanda cha mji mwingine, na simu ya kuongea kiziwi haimfai kitu. Ikabaki simu ya kuandikiana. Kabla mama hajajua kusoma, ujumbe ulisomwa na jirani mmoja aliyeitwa Redio, na jina hilo si wazazi wake waliompa. Redio alisoma kwa sauti, mlango wazi, kisha akaurudia bombani kwa wale waliopitwa.

Tangu ajue kusoma mwenyewe, Bibi Ndoo alikuwa na mazungumzo na mwanawe kila Ijumaa. Ikabainika kwamba binti huyo asiyesema alikuwa na domo kuliko mtaa mzima. *Mama umekula? Huku kuna fundi wa cherehani ananitaka. Mpole, ana meno yote. Wenzake wanasema anakoroma kama jenereta, lakini mimi hilo linanihusu nini?* Bibi Ndoo aliusoma ujumbe huo amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, akacheka mpaka akashika ukuta. Wiki nzima alitembea na siri hiyo kifuani. Hakuwahi kuwa na siri tangu azaliwe, na aliiona tamu.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Mkuu alimwita ofisini.

"Bibi, hongera. Tumekupandisha cheo. Wewe sasa ni mpokeaji wa watoto."

"Nawapokea wapi?"

"Getini. Unawashika mkono, wawili wawili, unawaleta darasani."

"Na kufagia?"

"Utaendelea kufagia."

"Na hicho kinachowatoka watu?" Alikuwepo kwenye kikao, chini ya viti, na masikio yake hayakuwa na kasoro.

"Hicho ni kidogo kidogo tu, Bibi. Wala hakiumi."

Hilo la kutouma lilikuwa kweli. Angekataa, getini kulikuwa na wanawake saba waliokuwa wakiitamani ndoo yake. Akapewa koti la bluu lenye mifuko miwili.

Siku hiyo alifanya safari kumi na sita kutoka getini, na watoto wakajifunza rangi. Mchana koti lake halikuwa la bluu tena, lilikuwa koti. Nyanya alianza kuzinunua kwa kuzibonyeza. Wiki iliyofuata zikaenda namba, moja hadi ishirini, na kwa kuwa hakuweza tena kujua kama watoto wameingia wote, kazi hiyo akaifanya binti wa mwenyekiti. Mtoto huyo walimwita Kidole, maana hakuweza kusema jambo bila kulinyooshea kidole. Alisimama mlangoni, akawahesabu wenzake, akasema, "Bibi, tumo wote." Kisha zikaenda siku za wiki. Jumapili Bibi Ndoo alikuja kazini, akafagia shule tupu kuanzia uani hadi stoo. Mwalimu Mkuu, aliyepita kuchukua miwani yake, hakuona sababu ya kumrudisha nyumbani.

Mwalimu wa chekechea alikuwa mtu wa utaratibu. Kwenye andalio la somo, mahali pa zana za kufundishia, aliandika: chati ya rangi, vizibo vya chupa, mhudumu. Mwalimu Mkuu alitia sahihi. Lakini mwalimu aliona haya, haya ya kweli, hata akawa hawezi kumtazama Bibi Ndoo machoni wakipishana koridoni.

"Mwanangu," Bibi Ndoo alimwuliza siku moja, "herufi lini?"

Mwalimu akafungua azimio la kazi, lile daftari kubwa lililopangwa wiki kwa wiki. "Wiki ya saba."

"Saba ndiyo wapi?"

Mwalimu akamwonyesha vidole. Bibi Ndoo akavitazama kwa heshima. "Hapo ni mbali au karibu?"

"Ni karibu, mama."

"Ziruke."

"Siwezi kuziruka. Mkaguzi anakuja."

"Basi zichelewe. Mimi mwanangu hana mdomo mwingine zaidi ya ule wa kwenye simu. Rangi chukueni. Jumapili chukueni. Lakini hilo, mwalimu, ni kuniua nikiwa nimesimama."

Mwalimu akazichelewesha hadi wiki ya tisa kwa kisingizio kwamba chaki zimeisha. Alikuwa na boksi nne kabatini. Ndicho alichoweza, na alijua ni kidogo.

Bibi Ndoo akaanza kusoma kwa pupa. Alisoma maelekezo ya dawa ya choo, mbele na nyuma. Alisoma mifuko ya saruji, mabango ya waganga, karatasi za kufungia karanga. Alimwandikia binti yake ujumbe mrefu mpaka binti akauliza kama mama ni mgonjwa. Hakumwambia. Aliandika tu, *Huyo fundi wa cherehani muulize kama anajua kupika.*

Ilikuwa katikati ya pupa hiyo ndipo jambo lingine lilipojitokeza. Asubuhi moja alikuwa akivuka ua na Kidole mkono mmoja, mtoto wa daktari wa meno mkono wa pili, Mwalimu Mkuu akatoka ofisini kwa haraka na kumkanyaga kidole gumba cha mguu kwa buti.

"Samahani, Mwalimu," Bibi Ndoo alisema.

Mwalimu Mkuu akapita.

"Bibi," Kidole aliuliza huku akimnyooshea kidole mgongoni yule aliyepita, "si yeye ndiye amekukanyaga? Mbona wewe ndiye umeomba samahani?"

Mtoto akiuliza hujibiwa. Bibi Ndoo akamweleza linavyofanywa: unalegeza mabega, unatazama chini, unalisema haraka kabla mkubwa hajakasirika. Kidole akalegeza mabega, akatazama chini. "Samahani, Mwalimu," akasema, na akalipatia mara ya kwanza.

Hapohapo Bibi Ndoo akahisi kitu kimemtoka, chepesi, kama mtu aliyevua kiatu kinachombana. Akasimama katikati ya ua.

"Loo," alisema.

Hilo halikuwa kwenye azimio la kazi. Akalifikiria mpaka mlangoni mwa darasa, na alipofika alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu apewe koti.

Kuanzia siku hiyo Bibi Ndoo alikuwa na mtaala wake. Aliufundisha njiani, kati ya geti na mlango. Aliwafundisha kusimama wima bosi anapopita. Aliwafundisha kuogopa mlio wa viatu vya Mwalimu Mkuu, kula wamesimama nyuma ya mlango, na kucheka mzaha usiochekesha. Alifundisha vizuri, miaka kumi na minane si mchezo. Kila somo alilifundisha mara moja tu, kwa sababu baada ya hapo lilikuwa limemtoka. Wenzao waliobaki walifundishwa na Kidole.

Nyumbani matokeo yakaonekana. Mtoto wa daktari wa meno alisimama wima baba yake alipoingia sebuleni, na chakula chake akakilia nyuma ya mlango. Mwenyekiti alipomkanyaga Kidole kwa bahati mbaya wakati wa kuvaa viatu, viatu ambavyo Kidole ndiye aliyemfungia kamba, mtoto alitazama chini akasema, "Samahani, bosi." Mwenyekiti alifurahi mno. Alimwambia mkewe kwamba sasa hii ndiyo elimu. Wazazi wakamwandikia Mwalimu Mkuu barua ya pongezi kwa kuwajengea watoto adabu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza adabu hiyo imetoka wapi.

Mwalimu Mkuu alikuwa akiisoma barua hiyo huku anatembea koridoni, akaipiga teke ndoo ya Bibi Ndoo. Maji yakamwagika yote, yakamwingia viatuni. Akasimama, akasubiri. Bibi Ndoo naye akasubiri. Alilitafuta lile neno mdomoni, kwa nia njema kabisa, asilione.

"Bibi, huoni?"

"Naona. Umemwaga maji yangu."

Mwalimu Mkuu akazidi kusubiri. Yeye mwenyewe neno lile hakuwa nalo, wala hakuwahi kuwa nalo, hivyo wote wawili wakabaki wamesimama mpaka sakafu ikaanza kukauka kwenye kingo. Kisha akaingia ofisini, akavua soksi, akafungua faili la mhudumu na kuandika: jeuri.

Wiki ya tisa ikafika. Siku ya kwanza watoto walijifunza irabu, na Bibi Ndoo akabaki na konsonanti peke yake, nazo bila irabu ni kama meno bila ulimi. Siku chache alijikaza kukisia. Kisha zikaanza kwenda nyingine, tatu kwa siku, na kila asubuhi kabla ya kushika mkono wa kwanza aliitoa simu mfukoni na kuutazama ujumbe wa zamani, kama mtu anayeaga nyumba inayobomolewa. Mwalimu alifundisha akiwa ameupa mlango mgongo. Mara mbili alisimamisha somo, akasema chaki imeingia machoni.

Simu ilipotetema tena, Bibi Ndoo aliona vijidudu vyeusi vimepangana kwenye kioo. Alikaa juu ya ndoo akalia. Alilia kwa hasira, hakuwa na huzuni; huzuni alikuwa amewaachia watoto wiki mbili zilizopita. Jioni akampelekea Redio.

Redio hakuwa na kinyongo. Alikuwa amezikosa habari zake. Akafungua mlango vizuri, akasafisha koo. *Mama mbona huniandikii? Nimekukosea nini? Fundi anasema kupika anajua. Wakubwa wa kazini wamesikia anavyokoroma bwenini, wamemhamishia zamu ya usiku ili alale mchana peke yake.* Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa unaiga mkoromo wa mkwe mtarajiwa. Bibi Ndoo akamwomba Redio amjibu binti kwamba hajakosea kitu. Redio akaandika, na kwa kuwa alikuwa mkarimu, akaongeza salamu za mtaa na ushauri wake mwenyewe kuhusu wanaume wanaokoroma. Binti alisoma, akaelewa kwamba aliyeandika si mama. Tangu hapo hakuandika ya moyoni tena. Aliandika, *Mimi mzima*, na basi.

Mkaguzi alikuja wiki ya kumi na mbili. Watoto walimsomea ubao mzima. Walihesabu, wakataja rangi, wakasimama wima alipopita, wakacheka mzaha wake. Akaandika kwamba hajawahi kuona chekechea ya namna ile, na akashauri shule iongeze darasa la kwanza hapohapo, chini ya mfumo uleule.

Siku ya mwisho ya muhula, Bibi Ndoo alifika getini akakuta karatasi imebandikwa. Watoto walikuwa hawajaanza kufika, isipokuwa Kidole, ambaye baba yake alikuwa na haraka na alimteremsha bila kumgusa mkono, kama wazazi wote walivyokuwa wakifanya siku hizi.

"Mjukuu wangu, hebu nisomee hapa."

Kidole akasogea. Alisoma kwa kuvuta, silabi moja moja, kwa ule usomaji wa Bibi Ndoo mwenyewe, hata pale alipozoea kukwama Bibi Ndoo kwenye *ng'*, naye alikwama.

"A-na-ta-ki-wa m-hu-du-mu. A-we na e-li-mu ya se-ko-nda-ri. A-we na a-da-bu. Wa-na-o-ng'a... wa-na-o-ng'ang'a-ni-a ka-zi za-o za za-ma-ni wa-si-o-mbe."

"Hujaruka?"

"Sijaruka, Bibi. Nimesoma yote."

"Umesoma vizuri sana."

Kidole aliitazama tena ile karatasi. Alikuwa mtoto mwepesi wa kuelewa. Sehemu ya wepesi huo nayo aliipata getini. Akalegeza mabega, akatazama chini.

"Samahani, Bibi," alisema.

Lilikuwa limesemwa vizuri, haraka, kwa sauti ya chini. Bibi Ndoo alilisikiliza lote. Katika miaka kumi na minane alikuwa amelisema mara nyingi kuliko alivyovuta pumzi, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa yeye. Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya nguzo ya geti, akaondoka na ndoo yake.

Muhula uliofuata alianza dada mmoja wa miaka ishirini na mbili, mwenye cheti cha sekondari, anayejua kemia na kuhesabu hadi popote. Koti lilimtosha. Mwalimu Mkuu na mwenyekiti walisimama dirishani wakamtazama akivuka ua na watoto wawili wa kwanza, mmoja kila mkono.

"Huyu ana akiba," mwenyekiti alisema kwa kuridhika. "Huyu atatufikisha darasa la tano."